Mwenye nyumba anawajibika kwa nini? Masharti yaliyomo kwenye mkataba hata kama hayakuandikwa

Masika yakianza Dar es Salaam, ugomvi wa aina moja huzuka kila mtaa. Bati linavuja, maji yanatiririka hadi kwenye godoro, mpangaji anampigia simu mwenye nyumba, na jibu linakuja fupi: "Mbona wenzako hawalalamiki? Kama hupapendi, hama." Mpangaji huyo ameshalipa miezi sita mbele, na mwezi mmoja mwingine ameumaliza kwa dalali. Ahamie wapi, kwa pesa ipi? Mwisho anatafuta fundi kwa hela yake, tundu linazibwa, maisha yanaendelea.

Yanaendelea hivyo kwa sababu watu wengi, wapangaji kwa wenye nyumba, wanaamini sheria haina neno juu ya nyumba ya kupanga. Nyumba ni ya mwenyewe, na anayeingia ameikubali kama alivyoikuta. Imani hii inaumiza pande zote mbili. Mpangaji anabeba mzigo usio wake, na mwenye nyumba anafanya mambo ambayo yakifika kwenye baraza la ardhi yatamgharimu kuliko mabati mapya ya paa zima.

Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar ina sheria zake), ina sehemu nzima inayohusu upangaji. Kifungu cha 88, kwa hesabu ya toleo la mwaka 2019, kinataja wajibu wa mwenye nyumba mmoja baada ya mwingine. Jambo kubwa kuliko yote kwenye kifungu hicho ni kwamba wajibu huo unahesabiwa kuwamo ndani ya kila mkataba wa pango. Hata kama karatasi mliyosaini haikuutaja, umo.

Kwanza tuelewane

Neno "kodi" huku kwetu linabeba mambo mawili: pesa anayolipa mpangaji na pesa inayochukuliwa na serikali. Katika makala hii pesa ya mpangaji nitaiita pango, na kodi itabaki kuwa ya serikali. Mwenye nyumba ni yule anayepangisha, awe ameijenga, ameirithi au anaisimamia kwa niaba ya familia. Mkataba ni makubaliano yenyewe. Karatasi ni ushahidi wake tu.

Hili la karatasi linapotosha wengi. Utasikia mtu akisema, "Sina mkataba, kwa hiyo sina haki." Upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja sheria inautambua hata ukifanywa kwa mdomo. Mliongea, ukalipa, ukapewa ufunguo, ukaingia: huo ni mkataba, na wajibu wa mwenye nyumba umeshaanza. Kasoro ya mkataba wa mdomo ni ugumu wa kuuthibitisha. Ndiyo maana ujumbe wa muamala wa simu unaoonyesha umemtumia nani, lini na kiasi gani usiufute.

Swali linalofuata ni hili: mpangaji anapolipa, ananunua nini hasa? Hanunui nyumba. Ananunua matumizi yake kwa muda maalumu. Mwenye turubai akilikodisha pamoja na viti kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, turubai ni lake kabla ya harusi, wakati wa harusi na baada yake. Lakini Jumamosi hiyo hawezi kuja saa nane mchana akachukua viti hamsini apeleke kwenye shughuli nyingine, na hawezi kuleta turubai lenye matundu kisha akasema kushona ni kazi ya bwana harusi. Pesa aliyopokea imenunua siku ile, na imenunua turubai linalozuia mvua.

Katika nyumba, siku ile ni miezi sita au mwaka. Kutoka hapo ndipo unapochipuka wajibu wa kwanza kwenye kifungu cha 88: mpangaji anayelipa pango na kutimiza masharti yake aachwe akae kwa utulivu, bila kuingiliwa na mwenye nyumba wala mtu anayetoka kwake. Hoja ya "nyumba ni yangu, naingia ninapotaka" inaanguka papo hapo. Mwenye nyumba ana haki ya kukagua hali ya jengo lake, lakini kwa taarifa ya mapema na kwa saa za kistaarabu. Kufungua chumba cha mtu kwa ufunguo wa akiba wakati yuko kazini ni kuvunja mkataba, hata kama hakuguswa kitu. Kumleta mteja wa kununua nyumba bila hodi ni vilevile. Na nyumba ikiuzwa, mnunuzi anaichukua pamoja na wapangaji waliomo hadi muda walioulipia uishe.

Bati, ukuta, choo

Hapa ndipo mabishano mengi yalipo. Nani anatengeneza nini?

Chukua nyumba ya kawaida ya Mbagala au Buguruni: vyumba sita, vitatu kila upande, korido katikati, uani choo na bafu, bomba moja, mita moja ya umeme. Kila chumba kina mpangaji wake. Katika nyumba kama hii, ambapo kila mtu amepanga sehemu tu ya jengo, sheria inamtaka mwenye nyumba atunze paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu ya maji, njia za kupita na vifaa vyote vinavyotumiwa kwa pamoja. Bati linalovuja juu ya chumba cha tatu ni lake. Mlango wa uani uliooza ni wake. Bomba la pamoja lililopasuka ni lake.

Vya mpangaji ni vile anavyoviharibu au kuvimaliza mwenyewe. Mtoto akivunja kioo cha dirisha kwa mpira, ni juu ya mzazi wake. Balbu ya chumbani ikiungua, ni ya aliyemo. Ufunguo ukipotea, kitasa kipya ni cha aliyeupoteza. Lakini uchakavu wa kawaida si uharibifu: rangi iliyofifia, sakafu iliyolika mahali watu wanapopita kila siku, kitasa kilicholegea kwa uzee. Nasikitika kila ninaposikia mpangaji amezuiwa amana yake siku ya kuhama kwa sababu ya rangi. Nyumba inayokaliwa huchakaa, na pango linalipia uchakavu huo.

Aliyepanga nyumba nzima yuko katika hali tofauti kidogo. Ule wajibu wa paa na kuta za nje umeandikwa kwa ajili ya jengo lenye wapangaji wengi. Aliyeshika nyumba nzima anatarajiwa kuitunza katika hali aliyoikuta, ukitoa uchakavu wa kawaida. Hata hivyo wajibu mwingine unabaki kwa mwenye nyumba, nao unahusu kila makazi, iwe nyumba nzima, fleti au chumba kimoja: pahali hapo pawe panafaa kuishi binadamu siku mpangaji anapoingia, na pabaki hivyo muda wote wa upangaji. Ukuta wenye ufa unaopitisha mkono, nyaya za umeme zilizo wazi, dari inayokaribia kuporomoka, haya hayaponywi kwa kusema "uliikubali ulivyoikuta."

Choo kinastahili aya zake, kwa sababu hakuna kitu kinachogombanisha watu uani kama shimo lililojaa. Gari la kunyonya linahitaji pesa, na mwenye nyumba anaamuru kila chumba kichange. Mnaoishi sita chumba kimoja mchange sawa na bibi anayeishi peke yake? Mpangaji aliyehamia wiki iliyopita achangie shimo lililojazwa na waliohama? Kuchanga kunaweza kuwa makubaliano ya haki kabisa, mradi yamefanywa mwanzoni, kila mtu akijua anaingia nyumba yenye utaratibu huo. Pasipo makubaliano, shimo la choo ni kifaa cha pamoja cha nyumba, na nyumba isiyo na choo kinachotumika haifai kuishi. Nasimama upande huo bila kusita: mwenye nyumba alipie, kisha kama anataka mchango, auandike kwenye mkataba unaofuata.

Tena hapa mwenye nyumba hajibu kwa mpangaji pekee. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya nguvu ya kumwamuru mwenye jengo aondoe kero inayohatarisha afya za watu. Maji taka yakitapakaa uani, bwana afya wa kata anaweza kuja na amri ya maandishi, na kabla ya kufika barazani hiyo ndiyo njia ya haraka zaidi kwa wapangaji wa choo kilichojaa. Wachache wanaitumia.

Mvua ikizidi na kuwa mafuriko, kama yanavyojirudia kwa wakazi wa bonde la Msimbazi, sheria ina jambo ambalo wapangaji wengi hawajalisikia. Nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali isiyotokana na uzembe wa mpangaji, kiasi kwamba haikaliki yote au sehemu yake, pango linasimama kwa kadiri ya uharibifu huo mpaka nyumba itengenezwe. Isipotengenezwa kwa muda wa miezi sita, mpangaji anaweza kuuvunja mkataba kwa taarifa ya mwezi mmoja. Maana yake ni kwamba mwezi uliolala kwa ndugu kwa sababu chumba kimejaa tope hauhesabiwi kama mwezi uliokaa.

Mita moja, kodi ya nani?

Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye manunuzi ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya matumizi. Kuanzia Julai 2023 kiwango ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka, na shilingi 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu ya ghorofa. Mpangaji ananunua umeme wa 10,000, ujumbe unaingia, anaona uniti ni chache kuliko alizozoea, anadhani bei ya umeme imepanda. Kilichokatwa ni kodi ya jengo asilolimiliki.

Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mfumo wa kuikusanya kupitia mita umeufanya mkono wa mpangaji uwe wa kwanza kutoa pesa, lakini haukuuhamisha mzigo. Kwa hiyo mpangaji mwenye mita yake peke yake anayo hoja ya haki kumwambia mwenye nyumba: nimekulipia 18,000 kwa mwaka, tuipunguze kwenye pango. Ujumbe wa LUKU ndio risiti yake. Kwenye nyumba ya mita moja mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa anayekatwa ni yule aliyetumwa kununua umeme mwezi unapoanza. Wakubaliane mapema kwamba fungu hilo halimo katika mchango wa umeme. Mwenye nyumba mwenye busara analitoa mwenyewe, na akiweza anafunga mita ndogo kila chumba ili ugomvi wa friji na pasi uishe.

Mkanganyiko wa namna hii ulikuwa mkubwa mwaka 2022, ilipozungumzwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango. Wengi walielewa kwamba pango limeongezeka kwa asilimia 10. Sivyo inavyofanya kazi. Kama pango ni 300,000, mpangaji anayetakiwa kuzuia kodi hiyo anapeleka 30,000 kwa Mamlaka ya Mapato na 270,000 kwa mwenye nyumba. Jumla inayotoka kwa mpangaji ni ileile 300,000, kwa sababu inayokatwa ni kodi ya kipato cha mwenye nyumba. Akisema anataka 300,000 kamili mkononi na ya serikali iwe juu yako, anapandisha pango, na hilo linazungumzwa kabla ya kusaini.

Kuhusu kupanda kwa pango, bado wapo wanaoamini kuna chombo cha serikali kinachopanga viwango. Kilikuwepo. Sheria ya kudhibiti pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiasi cha pango na idadi ya miezi ya kulipa mbele ni makubaliano ya wawili. Nadhani pengo hilo limewaumiza wenye kipato kidogo, maana anayetafuta chumba cha kulala watoto hana nguvu ya kujadili miezi sita. Hata hivyo uhuru wa kupanga bei una mpaka: ni wa kabla ya mkataba au wakati wa kuuhuisha. Pango lililolipwa hadi Desemba haliwezi kupandishwa Septemba kwa sababu barabara ya lami imefika mtaani.

Wasomaji walioko Kenya watakuta mengi yanafanana. Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inampa mwenye nyumba wajibu unaokaribia huu neno kwa neno. Sheria yao ya zamani ya kudhibiti pango ingali hai, ila inagusa makazi ambayo pango lake halizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, kiwango ambacho bei za leo za Nairobi zimekiacha nyuma sana.

Kufuli mlangoni

Mpangaji asipolipa je? Mwenye nyumba naye ana watoto wa kusomesha, na wapo wapangaji wanaokaa miezi mingi bila kulipa huku wakibadilisha namba za simu. Sheria haimtaki avumilie. Inamtaka afuate hatua: ampe taarifa ya maandishi inayosema anamdai kiasi gani na alipwe ndani ya muda gani, na kwamba asipolipa mkataba utasitishwa. Muda ukipita na mtu akagoma kutoka, anakwenda barazani kuomba amri ya kumwondoa, na anayeitekeleza amri hiyo ni dalali wa baraza.

Kinachofanyika mitaani ni kingine. Mtu anarudi jioni anakuta kufuli juu ya kufuli yake. Mwingine anakuta vyombo viko nje na mvua inanyesha. Wengine wanakatiwa maji, wanang'olewa mlango, wanaezuliwa bati. Mwenye nyumba anaona amejisaidia, kumbe amejiweka katika nafasi mbaya: aliyekuwa anadai sasa anadaiwa. Kitanda kilichovunjika, simu iliyopotea, siku alizolala mtu gesti na watoto wake, vyote vinaweza kugeuka madai ya fidia dhidi yake, na deni la pango la 200,000 likamezwa humo.

Upande wa pili, mpangaji asidhani kwamba bati kuvuja kunampa ruhusa ya kuacha kulipa kimyakimya. Amwandikie mwenye nyumba. Ujumbe wa simu unatosha, wenye tarehe, ukieleza tatizo na kuambatana na picha. Akipewa ruhusa ya kutengeneza na kukata kwenye pango, ruhusa hiyo nayo iwe kwa maandishi, na risiti za fundi zihifadhiwe. Maneno ya "tutaongea" yana tabia ya kusahaulika miezi mitatu baadaye.

Kama mkataba ni wa mwezi kwa mwezi, kila upande unaotaka kuumaliza unatoa taarifa isiyopungua kipindi kimoja cha pango, yaani mwezi mmoja. "Nataka chumba changu wiki ijayo, mwanangu anaoa" haitoshi, hata kama harusi ni ya kweli.

Ukikwama

Wengi huanza kwa mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ni vizuri, kwa kuwa anawajua wote wawili na mara nyingi anawapatanisha jioni moja. Lakini hana mamlaka ya kuamua nani mwenye haki, wala barua yake haimwondoi mtu ndani ya nyumba. Wapo wenye nyumba wanaopeperusha barua ya mtaa kana kwamba ni hukumu.

Ngazi inayofuata ni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hili linasuluhisha tu, haliamui tena mashauri ya ardhi. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na kwa hati hiyo shauri linafunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo ndipo panapotolewa uamuzi wenye nguvu: kuamuru nyumba itengenezwe, pango lirudishwe, fidia ilipwe au mpangaji aondoke.

Nenda na mkataba kama upo, na uwe umelipiwa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya pango la mwaka, kwa sababu mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kupokewa kama ushahidi mpaka ulipiwe. Peleka risiti au ujumbe wa miamala, picha za uharibifu, barua mlizoandikiana, na jirani mmoja aliyeona. Huhitaji wakili ili kusikilizwa. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu.